Aliyewafundisha Kima Kutuogopa

Mkuu wa Kambi hakuwapenda kima. Naliweka hili mwanzo kwa sababu wageni wote waliofika kule juu walidhani anawapenda. Walimpiga picha akiwatazama, na katika kila picha amekunja uso. "Wezi hawa," alikuwa akisema, huku darubini haibanduki machoni. "Nimewachukia tangu shamba langu la kwanza. Andika: jike mwenye kovu, juu mita kumi na mbili, anakula majani machanga."

Aliyekuwa akiandika ni mimi. Miaka saba nilitembea nyuma yake na daftari katika msitu ulio juu ya milima kati ya Nachingwea na Ruangwa, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mahali pikipiki inapokushusha. Ukuu wa kambi hakupewa na mtu. Wakubwa walikuwa watafiti, wa kwetu na wa kutoka nje, ambao walikuja wakakaa miezi yao wakaondoka. Yeye alibaki. Alijua tangi la maji linavuja wapi, alijua panya wanaingilia wapi kwenye stoo ya unga, basi sisi wasaidizi tukamwita Mkuu na hakukataa. Jina lake naliacha. Mwenyewe angeuliza litamsaidia nani.

Kwa asiyeijua kazi ile, nieleze kidogo. Kima wa porini akikuona anakimbia, na mnyama anayekimbia utaandika nini juu yake? Kwa hiyo kwanza unamzoesha. Unakwenda kila siku, jua na mvua, umevaa nguo ya rangi ileile, unatoa sauti ileile kabla hujafika, unakaa, humgusi, humpi chakula, huendi mbio. Unafanya hivyo mpaka akuone kama kisiki. Mkuu alifanya hivyo miaka minne kabla jike la kwanza halijashuka kuchuma matunda mita tano juu ya kichwa chake. Alisema siku ile aliogopa hata kumeza mate.

Ubaya wake uko hapohapo. Kima aliyemzoea mtu hajui kuchagua watu. Kundi letu lilikuwa na kima thelathini na kitu, na wote, kuanzia dume mpaka kitoto kilichozaliwa juzi, walikua wakijua kwamba binadamu ni kitu kisichodhuru. Lakini si kila anayepanda mlimani ameshika daftari. Tukiwapo sisi, walikuwa salama kiasi. Swali lilikuwa watakuwaje siku tukiondoka, na aliyewafundisha wasikimbie alikuwa mmoja tu. Swali hilo ndilo lililomzeesha mzee yule.

Nianze na mambo mepesi, maana nayo yalikuwepo.

Alikuwa na kikohozi cha kazi. Mara mbili, kifupi, kama mtu anayebisha hodi asiyetaka kusumbua. Kima wakikisikia wanajua ni yeye, wanaendelea kula. Kikohozi hicho kilimganda. Alikikohoa akiingia dukani, akiingia kwa mwenyekiti wa kijiji, akiingia nyumbani kwake. Mkewe aliniambia siku moja, "Mwenzangu, mimi naye tuna wajukuu, bado ananikaribia kwa kukohoa nisije nikakimbilia mtini."

Mkewe huyo alikuwa na ulimi, na alikuwa na haki nao. Shamba lao la mahindi lilikuwa chini kabisa ya mlima, na nyani walilivuna kabla yake karibu kila mwaka. "Huku tunaliwa," alisema, "yeye yuko huko juu anahesabu wanaokula majani."

Muhogo wake wa kuchemsha aliula akiwa amewapa kima mgongo, ameinama, haraka, kama mtu anayeiba. Hakutaka waone kwamba binadamu anatembea na chakula. Nilipokuwa mgeni nilimenya ndizi mbele yao. Hakusema neno mpaka tuliporudi kambini, na huko alinisema mpaka nikatamani kurudi kwetu Mtua kulima.

Jumapili alishuka kwenda misa. Alikaa benchi la nyuma na kusinzia, hilo si ajabu, wengi husinzia. Ila sisi kazini tulikuwa na utaratibu wa kutazama juu kila baada ya dakika kumi na kuandika kila kima anafanya nini. Basi Mkuu akisinzia kanisani, kila baada ya dakika kumi alifumbua macho, akainua uso, akakagua dari kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akasinzia tena. Padre alidhani ni ibada ya peke yake. Siku moja alimsifu mbele ya waumini kwa kuelekeza moyo juu. Mkuu hakumsahihisha.

Watafiti waliwapa kima herufi na namba. Yeye alizikataa. Alisema namba ni za mabati. Dume alikuwa Mwenyekiti, kwa sababu alifika baada ya kazi kuisha na kupiga kelele. Kuna jike lililoshika kila tunda mara mbili kabla ya kulila, huyo akawa Karani. Na yule jike wa kwanza, aliyeshuka ile siku ya kumeza mate, mwenye mdomo wa juu uliochanika zamani, alimwita Shangazi. Nilipomuuliza kwa nini Shangazi, alisema, "Anatazama watu kama anajua walichokosea."

Zamani alikuwa mtegaji. Hakulificha hilo. Alitega kima na nyani kwa waya miaka mingi, kwa ajili ya shamba lake na mashamba ya wengine, na ndiyo sababu kambi ilimchukua, kwani nani mwingine alijua wanapopita? Mtafiti mmoja kijana alimuuliza kama anajuta. Mkuu akajibu, "Mtoto wangu alikula." Mtafiti aliandika kitu, sijui nini.

Lakini alikuwa na upande wa pili, na huo aliuficha kuliko mtegaji anavyoficha waya. Mwaka wangu wa tatu kitoto cha Karani kilidondoka kutoka juu kikafa, na mama yake akakibeba siku mbili kikiwa kimeshaoza. Nililia. Mkuu alinikemea: "Andika unachokiona, binti. Machozi hayana sehemu kwenye daftari." Siku ya pili yake mimi nilikuwa na homa, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, ule wa shule ya misheni, herufi moja moja kama anapanda mbegu. Baadaye niliyapitia yale madaftari kuyapanga. Siku ile ina mistari mitatu mitupu, nusu saa nzima. Yeye, ambaye alinifokea kwa kukosa dakika mbili!

Kisha ufadhili ukaisha. Ilikuja barua, tukasomewa kwenye kibaraza, na maneno mazuri mengi ya shukrani. Wasaidizi wawili walikuwa wameshatangulia Namungo kuchimba dhahabu, tukabaki yeye, mimi na mpishi kufungasha. Nilichoka siku zile kuliko siku zote za kutembea. Unakunja chandarua cha miaka saba na mikono haitaki.

Na hapo ndipo tulipofanya kosa letu. Kambi ilikuwa na mashati ya kazi, ya buluu, imara, ishirini hivi. Ndiyo nguo pekee kima wale waliyoijua. Nikayafua, nikayapiga pasi ya mkaa, nikayagawa kijijini chini ya mlima, kwa waliotuuzia unga, waliotubebea mizigo, waliotuvumilia. Kwetu mtu anayehama hugawa, haachi vitu vioze. Mkuu alisimama pale akiona. Alisema, "Vizuri. Shati zima halitupwi." Watu wawili tuliojua maana ya rangi ile kuliko mtu yeyote duniani, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Mimi nilipata kazi ya maabara katika shule moja ya sekondari Nachingwea. Mahindi yalipoanza kukomaa, Mkuu alikuja kunitafuta. Alikohoa mlangoni mara mbili, akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, magoti juu.

"Watatu," alisema. "Karani yumo."

Mwenye shamba aliwakuta kwenye mahindi yake. Alikuwa amevaa shati la buluu. Hawakukimbia, walimtazama tu wakaendelea kula, naye akawaua kwa fimbo, mmoja mmoja. Alishangaa mwenyewe, akawasimulia watu kwamba kima wa mlimani siku hizi ni wajinga.

"Niliyagawa mimi," nikasema.

"Nilikuwa nimesimama hapohapo. Jumamosi una nafasi?"

Jumamosi hiyo na nyingine mbili zilizofuata tulizunguka kuomba mashati yarudi. Sijawahi kuona aibu kama ile. Kumnyang'anya mtu zawadi! Tulianza kwa mwenye mahindi. Alikuwa mtu mpole, mkewe akatuletea viti.

"Mzee, walikuja wenyewe," alisema. "Mimi nina watoto."

"Sijaja kwa ugomvi," Mkuu akajibu. "Hata mimi ningewapiga. Nimekuja kwa shati."

Akavua koti lake, lile la kwendea misa, akampa badala yake. Kwa wengine alitoa suruali, blanketi, viatu vya mvua. Mkewe alikuwa akihesabu vinavyotoka kabatini bila kusema, na huyo si mtu wa kunyamaza. Kijana mmoja wa bodaboda alicheka: "Mzee, si mlinipa wenyewe? Mnazingua." Lakini alilivua palepale barabarani akaondoka kifua wazi. Tulipata karibu yote. Tuliyachoma nyuma ya nyumba yake, yakatoa moshi mweusi wa vifungo.

Shati moja lilikuwa limeuzwa kwa familia ya wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka upande wa Ziwa Viktoria. Kijijini walisemwa vibaya, kama wanavyosemwa wageni wowote wenye mifugo. Mwenye boma alitukaribisha, tukapewa maziwa ya mgando, akasikiliza habari yetu yote bila kucheka. Kisha akalitoa shati, limekunjwa.

"Chukua, mzee wangu. Lakini shati si kitu. Mimi nikivaa hata gunia, ng'ombe wangu wananijua. Wananijua mwendo, wananijua sauti. Hao wako wamekuzoea wewe, na kwako wamejifunza kwamba watu ni wema."

"Nifanyeje?" Mkuu akauliza. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiuliza swali hilo.

"Ndama akikataa kuachishwa ziwa, sisi tunampaka mama yake mavi kwenye chuchu. Ndama akionja, anaacha. Ila lazima awe mama yake huyo. Ukimpaka ng'ombe mwingine, ndama hajali."

Mkuu aliweka kikombe chini. Tulitembea mpaka njia panda. Pale akasimama, akasema, "Kumbe wa kupakwa mavi ni mimi."

Akatengeneza manati. Wiki iliyofuata alianza kupanda mlima peke yake, mzee aliyepaswa kupumzika, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Anafika, anakohoa mara mbili, wanamsogelea, naye anawapiga kwa mawe.

Yaliyotokea huko nayajua kwa kinywa chake tu, maana sikwenda. Nilisema nina kazi. Ni kweli nilikuwa na kazi, lakini pia nilikuwa sitaki kuona. Alinisimulia alipokuwa akija Nachingwea hospitali kwa ajili ya macho. Siku ya kwanza alikosa makusudi, kisha akajidanganya kwamba mkono ulitetemeka. Siku ya pili alimpata Mwenyekiti mgongoni. Wakaruka, wakapiga kelele, wakakaa juu wakimtazama. Kesho yake akakohoa, wakaja tena.

"Wanadhani nimekosea," aliniambia. "Wananisamehe. Unaelewa, binti? Kila asubuhi wananisamehe, halafu naanza upya."

Kijijini walisema amechanganyikiwa. Mtu aliyekaa miaka kumi na zaidi akibembeleza wanyama, leo anawapandia mlimani kuwarushia mawe bila hata kuwala. Padre alimwita. Mkuu alirudi kutoka huko akiwa amechukia, akasema, "Amenieleza habari za huruma. Nimemsikiliza mpaka mwisho."

Alichoka. Alikonda, akaanza kusahau vitu, akakaa kwenye benchi la hospitali kama mzigo uliosahauliwa na gari. Nilimwambia, "Mzee, inatosha sasa." Akanijibu kwamba kuwazoesha kulimchosha miguu, na miguu ukiilaza inapona, lakini huku kuwafukuza kunamchosha hata akiwa amelala. Hata hivyo alikuwa akinipa habari kama zamani, kwa mpangilio, nusura niandike: leo wameondoka baada ya jiwe la tatu, leo baada ya la kwanza, leo vijana wameondoka kwa kikohozi tu. Msimu wa mahindi uliofuata hakuna kima aliyeuawa shambani. Waliingia, wakaonekana, wakakimbia kama kima wengine wote. Nilifurahi. Yeye alisema, "Bado mmoja."

Kiangazi kilichopita aliniita. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, alikuwa akisubiri kupasuliwa, na kuniona aliniona kivuli. Nilimkuta amekaa mlangoni, fimbo mkononi, viatu ameshavaa.

"Nataka unikopeshe macho," alisema. "Mimi nikipiga sasa hivi napiga miti."

Tulipanda polepole. Nilimshika mkono kwenye mawe, lakini njia aliijua kuliko mimi, alinitajia kila mti uliokuwa na alama yetu. Vibanda vya kambi vilikuwa vimeezuliwa mabati. Nikamwambia, akasema alitarajia. Tulivuka kijito, tukafika kwenye miti ya matunda ambako kundi hupenda kuwa asubuhi. Nikawaona, sita, saba, kisha wengi. Sikudhani ningewakumbuka hivyo.

Mkuu akakohoa mara mbili.

Msitu mzima ulilipuka. Matawi yalitikisika, Mwenyekiti akapiga mlio wa hatari, wakaenda, mama na watoto, mpaka nikasikia majani yakitulia ng'ambo ya bonde. Mkuu alisimama, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

"Wamekwenda?"

"Wamekwenda wote."

"Usinidanganye. Nasikia anatafuna."

Shangazi alikuwa kwenye tawi la chini, mita tano hivi. Amezeeka, manyoya ya kidevuni yamepukutika. Alikuwa anakula taratibu na anamtazama Mkuu. Kifuani amening'inia mtoto.

"Ana mtoto?" Mkuu akauliza.

"Anaye. Mdogo, bado mweusi."

"Basi huyo mtoto atakaa pale mama yake anapokaa. Na wenzake wataona anakaa. Mwaka huu, mwaka kesho, tumerudi tulipoanza." Alitoa manati mfukoni, akaigeuza mkononi, akanipa. "Piga wewe. Mimi nimechoka."

Nilisema siwezi. Alisema anajua. Nilisema nitampata mtoto. Alisema basi lenga vizuri, paja, nyuma, upande ambao mtoto hayupo, na akanielekeza jinsi ya kusimama, kwa sauti ileile aliyonifundishia kushika darubini. Jiwe la kwanza lilipita chini. Shangazi alilitazama lilipoanguka, akaendelea kutafuna. La pili lilimpata pajani. Alipiga ukelele ambao sikuwahi kuuandika katika daftari lolote, akamkumbatia mtoto, akapanda juu na kwenda, anachechemea kidogo.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Aligeuka?"

Aligeuka. Alipofika kwenye panda ya juu alisimama akatazama nyuma, na hakunitazama mimi niliyempiga.

"Hapana," nikasema. "Amekwenda moja kwa moja."

"Vizuri," akasema, akanyoosha mkono nimwongoze. Tukateremka tukilia wote wawili, kila mmoja akijifanya hamsikii mwenzake.